Mstari wa Tano

Kuna mwanamke mmoja mtaani kwetu, huku Temeke, amenisamehe kila mwaka kwa miaka mingi bila kujua anasamehe nini. Nalisema mapema kwa sababu nimezeeka, na nina tabia ya kuanza na habari ya ng'ombe nikaishia kwenye kamba.

Desturi yenyewe mnaijua. Siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani watu wanazungukiana. "Jirani, nisamehe nilipokukosea, kwa kujua na kwa kutojua." Mwenzio anajibu, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." Mnashikana mikono, mnaulizana kama tende zimefika sokoni, basi. Siku hizi hata kuzungukiana hamna. Unaletewa ujumbe kwenye simu wenye picha ya mwezi, na huohuo wametumiwa watu mia. Mie nilikuwaga naenda kwa miguu yangu mpaka kibarazani kwake, navua kofia, nasema maneno yale. Naye kila mwaka, anachambua mchele wake, ananijibu bila kuinua macho:

"Nenda zako Mnyamwezi, nishakusamehe. Umenikosea nini wewe zaidi ya kuzaliwa Tabora?"

Sie ni watani. Yeye Mzaramo, mie Mnyamwezi, na utani wa makabila haya mawili ni wa zamani kuliko barabara ya lami. Mtani hakasirikiwi. Atakuja msibani kwako, alale katikati ya njia jeneza likitaka kutoka, agome kuinuka mpaka abembelezwe, na hakuna wa kumgombeza. Neno la mtani halina uzito. Ni raha kubwa hiyo. Kwangu ilikuja kuwa adhabu, nitafika huko.

Niliingia mji huu kijana, nikapata ukuli bandarini. Shule nilikuwa nimekanyaga mwaka mmoja na nusu. Mwalimu wa kwetu alikuwa na fimbo ndefu, mie nina miguu mirefu, tukaachana. Nilikuwa nabeba magunia yenye maandishi, sijui nimebeba sukari au saruji mpaka nionje vumbi lake. Basi ikaja elimu ya watu wazima. Tukitoka kazini tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga kifua. Mwalimu wetu alikuwa binti mdogo. Sie wazee wazima tunasahau, tunamwamkia shikamoo, naye anaitikia kabla hajakumbuka, darasa zima linacheka.

Tuliambiwa haya ndiyo mapinduzi yenyewe, mnyonge kushika kalamu. Niliamini, na hata leo siwezi kusema ulikuwa uongo. Siku niliyosoma neno SUKARI kwenye gunia nililoshusha mwenyewe, nilikaa chini nikalia, na msimamizi akadhani nimeteguka kiuno.

Yule binti alikuwa na sheria moja. Ukipewa karatasi yenye mistari, usiache mstari wazi, mtu mbaya atakuja kuandika lake hapo. Ujaze, au upitishie kalamu uukate. Aliyeacha wazi aliwekewa kosa jekundu. Mie kosa hilo sikuwahi kulipata.

Sasa yule mwanamke mtani wangu alikuwa na kaka yake, muuza kahawa. Mtaa mzima ulikuwa unaamka kwa mlio wa vikombe vyake, anavigonganisha kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika dele la shaba lenye makaa chini. Mtu mrefu, mcheshi, mdomo wake haukuwa na kufuli. Akiniona natoka darasani na daftari anapiga kelele, "Oneni! Leo Mnyamwezi kabeba mzigo mwepesi!" Siku moja, mbele ya wanaume wote waliokuwa wanakunywa, akanipa kipande cha gazeti alichofungia kashata. "Haya profesa, tusomee." Nikasoma neno la kwanza, la pili, la tatu likanikwama kooni. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Na yeye alikuwa Mzaramo, mtani wangu, kwa hiyo na mie nikacheka. Toka siku hiyo jina langu likawa Profesa. Kicheko kile nilikicheka kwa meno tu. Rohoni nilikiweka.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, mzee mpole, muda wote ana sufi kwenye ndevu. Ndiye aliyekuwa anasuluhisha ugomvi wa mume na mke na kugawa sukari ya foleni. Kusoma hakujua, na darasani aligoma kuja, anasema macho yake yameshazoea sindano. Ukatokea wakati ikaamriwa watu wasio na kazi waondolewe mjini wapelekwe mashambani. Mjini kila mtu awe na kitambulisho cha kazi. Kila mjumbe alete orodha.

Akaniita Jumamosi mchana, kwa ajili ya mwandiko wangu. Nilikuwa nimeshafuzu, na mwandiko wangu, nasema bila aibu, ulikuwa mzuri. Nikakaa juu ya gunia la sufi. Fomu ilikuwa na mistari mitano.

"Andika," akasema, akanitajia mtu wa nyumba ya tatu.

"Huyo si alisharudi Kilwa, mzee?"

"Andika."

Wa pili alikuwa marehemu, tulimzika sote. Wa tatu alihamia Mbeya na hajarudi tena. Wa nne sikumjua kabisa.

"Huyu nani, mzee?"

"Huyu jamaa yangu wa ndotoni. Andika vizuri, asije akanilaumu." Akacheka, sufi ikamtoka kidevuni. "Mkubwa akitaka majina mpe majina, mwanangu. Watu usimpe."

Akachovya dole gumba kwenye wino wa bluu, akaligandamiza chini ya karatasi. Adhana ya alasiri ikalia. Akaniambia niipeleke mie mwenyewe ofisini kwa sababu miguu yake imevimba, akaingia ndani kutawadha. Nikabaki na karatasi, kalamu, na mstari wa tano, mweupe.

Nikaandika jina la muuza kahawa. Majina yake yote matatu, herufi zimelala vizuri kwenye mstari kama samaki kwenye chanja.

Miaka mingi nilijiambia kwamba ni mstari tu, ni sheria ya darasani. Na kweli mstari ule uliniwasha vidole, wallahi. Lakini kukata ningeweza. Yule binti alitufundisha na kukata. Nilipofika njia panda ya kukata na kujaza nikakikumbuka kile kicheko. Nilifikiri atakamatwa siku moja, atapata taabu kidogo, atarudi akiwa amejifunza adabu. Watu wanaofikiri uovu mkubwa unafanywa na watu wenye hasira kubwa, mie siwaelewi. Mie nilikuwa na hasira ya kipande cha gazeti.

Lori lilikuja asubuhi. Muuza kahawa alikuwa anamimina, akadhani ni mchezo. Mgambo wawili wakamshika mikono. Akaniona nimesimama mlangoni, kitambulisho changu cha bandari mfukoni.

"Profesa! Waambie hawa mie nina kazi! Kahawa wanayokunywa inatoka mbinguni?"

Niliogopa. Nikamwambia, na maneno haya ndiyo yaliyobaki nami, "Nenda tu, wanakuandikisha, kesho utarudi."

"Basi nishikie dele," akasema. Akanipa likiwa bado la moto. Nikalishika kwa kanzu yangu, lori likaondoka.

Hakurudi. Mara moja dereva mmoja alileta salamu zake, eti yuko kwenye shamba moja mbali, anaumwa lakini anaendelea. Baada ya hapo kimya. Mama yake alisafiri kumtafuta, akaambiwa hapa hayupo, nenda kule, na kule akaambiwa arudi hapa. Dele nililipeleka kwa dada yake siku ileile, akaliweka juu ya kabati.

Siku ya tatu baada ya lori mjumbe alikuja chumbani kwangu. Hakukaa. "Ni wewe?" akauliza. Nikatazama chini. Akalitazama dole lake, wino ulikuwa bado kwenye kucha.

"Dole ni langu," akasema. "Niliweka dole nikaondoka bila kuuliza. Lawama ni yangu."

Nilitakiwa kusema, hapana mzee, ni yangu. Nilinyamaza, na nikashukuru. Yeye akaenda ofisini kwa ile miguu yake iliyovimba, kuomba jina lifutwe. Alikwenda mara nne, tano. Akajibiwa orodha imeshapanda juu. Na mtaa ulipomwona anakwenda ofisini kila mara, ukasema, mnamwona, anapeleka wengine.

Mama yao alipofariki niliona nafasi. Nilikwenda msibani, nikakaa kati ya watu na kusema kwa sauti, "Marehemu huyu nimemuua mie! Mwanawe nilimwandika mie, kwa kalamu yangu!" Wakacheka. Wallahi walicheka. Walijua mtani ameanza kazi yake. Dada wa muuza kahawa mwenyewe, macho yamevimba kwa kulia, akacheka, akanirushia kitambaa. "Ushindwe, Mnyamwezi! Wewe hata cheti cha ndoa uliandikiwa!" Mzee mmoja akanipongeza, kwamba nimemtoa mfiwa huzuni. Sikuongeza neno. Nilikuwa nimechagua mahali pa kusemea, na nilipachagua nikijua. Hilo nalo naliungama hapa.

Halafu akafa mjumbe. Maziko ya mjumbe, nyie, ni mtaa mzima. Yake tulikuwa watu tisa. Dada wa muuza kahawa alikuwa ameapa kwamba mtu wake yeyote asitie mguu, na mtaa ulikuwa upande wake. Mnajua jeneza linavyobebwa, watu wanapokezana, huyu anatoka bega lile anaingia mwingine, hata hulihisi. Siku ile hakukuwa na wa kupokea. Nililibeba toka nyumbani mpaka makaburini bega moja, nikaja kulala na bega limepinda kama jembe bovu. Nikajidanganya kwamba kwa bega hilo nimelipa. Binti yake alikuwa mdogo bado, amesimama mlangoni anatutazama tunavyopungua.

Miaka imekwenda. Pale kwenye kinyozi jirani na kwangu kuna benchi, vijana wanakaa wanabishana habari za nchi za watu, jeshi limepindua wapi, rais gani kakimbia. Mmoja anaamini akiondoka mtu mmoja juu basi maji yatatoka bombani. Wananiuliza, "Mzee, enzi zenu nani alikuwa anawaonea watu?" Wanataka jina kubwa, jina la kwenye redio. Mie nasema sikumbuki.

Mwaka huu alikuja kijana mmoja wa ofisi, mstaarabu, na kishikwambi mkononi. Wanaorodhesha wanaopanga biashara kando ya barabara, wapangiwe sehemu nyingine. Akasema, "Shikamoo babu. Wewe ni mwenyeji, nisaidie kuwatambua." Nikamwuliza, usipomjua mtu unafanyaje? "Najaza chochote, babu. Pakiwa wazi mashine inagoma kuendelea." Nikamwambia macho yangu hayaoni. Akaenda kwa kinyozi, na kinyozi akamtajia wote, kwa nia njema kabisa, na chai akamnywesha. Nilikaa pale benchi nikijua kwamba hatujajifunza kitu, na mwalimu wa somo hilo nilikuwa mie, na darasa sikulifungua.

Wiki ileile, zikiwa zimebaki siku chache kufunga, nilikwenda kwa yule mwanamke kusema maneno yangu ya kila mwaka. Nikamkuta ana mgeni. Ni binti wa mjumbe, mtu mzima sasa, anauza vitunguu soko la Mabibo. Amekuja na kiroba cha vitunguu, amepiga magoti kwenye sakafu.

"Mama, nimekuja kumwombea baba yangu radhi," anasema. "Yeye katangulia, mie nazeeka. Nakuomba kwa ajili ya mwezi huu."

"Inuka, utaumia magoti," bibi akamjibu, mkono haukuacha kuchambua mchele. "Wewe sina ugomvi nawe. Baba yako namngoja kwa Mungu. Kaka yangu alikuwa na dele mkononi, baba yako akamwandika hana kazi. Vitunguu vyako chukua."

Yule binti akainama, akaanza kukusanya kanga yake. Nilimwona mgongo. Ulikuwa mgongo wa baba yake akishona magodoro.

Nikasema, "Hakumwandika yeye. Nilimwandika mie."

"Aa, Mnyamwezi, leo si siku yake," bibi akasema. "Utani wako peleka kwenye kahawa."

"Leo nimevua utani."

"Utani hauvuliwi, si kofia hiyo." Alikuwa bado anatabasamu.

Basi nikamweleza. Kilwa, marehemu, Mbeya, jamaa wa ndotoni. Nikamtajia majina yote manne kwa mfuatano. Nikamweleza wino wa bluu, na adhana, na mstari wa tano. Nikamweleza kipande cha gazeti la kashata. Pale ndipo tabasamu lilipomwondoka, maana kile kicheko yeye alikuwapo, alikuwa dirishani, na alicheka.

Ungo ukateleza mapajani, mchele ukamwagika. Hakuna aliyeuokota.

Wa kwanza kusema alikuwa binti wa mjumbe. "Baba alijua?"

"Alijua."

"Na jeneza ukalibeba. Nilikuona." Akanitazama. "Babu, neno moja tu lilikuwa zito kuliko baba yangu?"



Bibi akakung'uta punje za mchele kwenye kanga. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayesoma, "Kila mwaka umekuja hapa na kofia yako mkononi. Kila mwaka nimekusamehe. Ulikuwa unaniibia, Mnyamwezi. Basi zile radhi zote nazirudisha. Ya mwaka jana, ya mwaka juzi, zote mpaka ya kwanza. Huna hata moja."

"Nina haki gani ya kukataa, dada yangu."

"Usiniite dada."

Akamgeukia yule binti, akamshika mikono yote miwili. Binti wa mjumbe akamwambia, "Basi mama, basi." Wakalia pamoja, mie nimesimama pale kama mlingoti. Kwa mjumbe bibi alikuwa hawezi kuomba tena radhi, na maziko yale ya watu tisa hayawezi kurudiwa. Hilo nalo nimelifanya mie. Nilidhani dhambi yangu ina mtu mmoja ndani, kumbe miaka yote ilikuwa inaongeza watu.

Nilipotaka kuondoka bibi akaniita. Si kwa jina la utani. "Wewe." Akaingia ndani, akapanda kigoda mwenyewe na umri ule, akatoka na dele. Limekuwa jeusi, kishikio chake kimelegea.

"Alikwambia umshikie," akasema. "Ukanitupia mie. Chukua. Mshikie."

Kesho kutwa tunafunga. Ujumbe unaingia kwenye simu yangu toka asubuhi, mwezi na nyota, nisamehe kwa kujua na kutojua. Nausoma wote mwenyewe, nilifundishwa kusoma. Sijamjibu mtu. Jana nilikwenda tena kibarazani kwake, nikavua kofia, nikaomba radhi kwa kulitaja jambo lenyewe kwa jina lake. Aliendelea kuchambua mchele. Nilisimama mpaka jua likahama ukuta, kisha nikarudi.

Dele nalisugua kwa majivu na ndimu, nimekaa hapa nje. Shaba imeanza kuonekana upande mmoja. Vijana wa benchi wanapita.

"Shikamoo babu. Unataka kufungua kijiwe cha kahawa?"

"Marahaba. Hapana, namshikia mwenyewe."

"Anarudi lini?"

Nageuza upande wa pili, naendelea kusugua.